Paka wa Kuonja

Kapita hakuinuka. Harufu ya ngolo, yule samaki wa ndevu wa mtoni, ilikwisha kutoka jikoni, ikakatiza ua, ikaingia hadi kwa wapangaji wa nyuma, na watu ambao hawakuwa na mpango wa kula wakaanza kumeza mate. Lakini Kapita, paka kijana ambaye siku nyingine husikia jani la liboke, samaki aliyeokwa ndani ya majani, likifunguliwa kabla mwenye liboke hajasikia, alibaki chini ya meza, shavu juu ya saruji, jicho moja nusu wazi.

Rosine alimrushia kipande. Kilianguka karibu na pua yake. Kapita alikitazama kama mpangaji anavyotazama barua ya mwenye nyumba, akafumba jicho.

Rosine akainua kichwa. Sahani tatu zilikuwa zimekwisha kupakuliwa.

"Naomie, usikule."

Mtoto alikuwa na tonge la lituma mkononi, ndizi zilizotwangwa mpaka zikawa laini kama bibi yake tu anavyojua kuzitwanga. "Juu ya nini, mama?"

"Nasema weka chini. Kuya huku."

Lambert, mume wa Rosine, karani wa serikali ambaye Jumamosi yake nzima hutegemea sahani ya mchana, alikuwa ameshika kijiko. "Mama Naomie, kuko nini tena?"

"Angalia paka."

"Paka iko nalala."

"Haiko nalala. Toka asubui iko vile. Jana alikula samaki ya mama yako, leo iko vile. Mi sisemi kitu. Mi naonyesha tu."

Katika mtaa wa Mangobo, mtu akikuambia hasemi kitu, jua amekwisha kusema yote. Mama yake Lambert, Angélique, ambaye mtaa mzima humwita Koko kama wajukuu wote wa mji huu wanavyowaita bibi zao, alikuwa amesimama mlangoni na kibakuli cha pilipili. Alikuwa amesikia.

Lambert alimtazama mama yake. Akamtazama mke wake. Akatazama tumbo la mke wake, ambalo sasa gauni halikuweza tena kulificha. Halafu akaweka kijiko chini. Hakukitupa, alikilaza polepole, kama mtu anayelaza mtoto bila kutaka aamke.

Koko alikiona kijiko.

"Bon," alisema, akarudi jikoni na pilipili yake.

*

Tuambiane ukweli, maana watu wa uani waliujua nusu tu. Rosine alizaliwa Uvira, na kule mtoto hufundishwa kuogopa sumu kabla hajafundishwa kusoma. Ukiinuka kwenye meza ya watu, unainuka na glasi yako. Mwenye nyumba akikuletea kinywaji, anaonja kwanza mbele yako, na hakuna anayeona ni matusi. Kwa hiyo Koko alipokuja kukaa nao kutoka Yanonge, baada ya kumzika mume wake, Rosine alienda sokoni akarudi na paka mdogo. Akamwambia kila mtu ni kwa ajili ya panya. Na kweli panya walikuwepo, wakubwa, wenye dharau.

Lakini kila Koko alipopika, kipande cha kwanza kilikuwa cha Kapita. Rosine alikitupa chini, akajifanya anatafuta chumvi, akatafuta kifuniko, akatafuta hata kitu kisichopotea, jicho likiwa kwa paka. Paka akiendelea kudai, ndipo akawaacha watu waanze kula.

Hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliopita Koko alikuwa amekuja kuwatembelea na kapu la samaki wakavu, na alipoondoka tu, mimba ya Rosine ikatoka. Hospitali walisema mambo hayo hutokea. Rosine aliitikia kwa kichwa, akaenda nyumbani, akayaunganisha mwenyewe. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na hakutaka kusikia tena kwamba mambo hutokea.

Siri hiyo ya paka alimwambia mtu mmoja tu, jirani yake Marthe. Na kumwambia Marthe ni sawasawa na kuweka tangazo redioni, tofauti ni kwamba redio inahitaji umeme.

*

Kabla jua halijasogea, ua ulikuwa umejaa. Karto ya Kapita, boksi alimolalia, ilitolewa ikawekwa kivulini ukutani, na kila aliyefika aliinama, akatazama, akanyanyuka na dawa.

"Mupe mawese, njo inavunjaka sumu," alisema Marthe. Alikwisha kuja na chupa.

"Hapana, maziwa."

"Makaa ya kusaga! Koroga na maji, mufungue mudomo, mimina."

"Musimupe kitu," alisema Rosine. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya tumbo. "Mumuache. Tungoje."

"Tungoje nini?"

"Tuone."

Wote wakaelewa. Kapita akipona, basi, ni paka tu aliyeumwa. Kapita akifa, kesi imekatwa, na Koko atarudi Yanonge na jina ambalo mwanamke wa umri wake hawezi kulivua tena. Ndoki, mchawi. Hata kanisani watamwachia benchi zima.

Lambert alikwisha kuanza kazi hiyo ya kumrudisha. Alikuwa nyuma ya choo na simu, akizungumza na yaya, kaka yake mkubwa wa Yanonge, kwa sauti ya mtu anayenunua kitu cha wizi. "Hapana, yaya, hakuna shida. Ni kusema tu mama anachoka na mji. Apande mashua, baleinière ya Jumatatu, kama kuko nafasi..."

Koko alitoka jikoni. Hakuwa na pilipili sasa. Alikuwa na zile sahani tatu amezipanga kwenye sinia, na samaki wake, na lituma yake iliyoanza kukauka juu. Akavuta kigoda katikati ya ua, akakaa, akala. Alikula sahani ya mtoto. Akala sahani ya mke wa mwanawe. Ua mzima ukasikia miiba akiitoa mdomoni. Alipofika kwenye sahani ya Lambert alipumzika kidogo, akapiga mbweu, akaendelea. Kwenye uzio wa matete vichwa vya watoto vilikuwa vimepangana kama chupa za mafuta sokoni.

"Sumu yake haiwezi kumuuma mwenyewe," Marthe alinong'ona. Lakini Marthe hakuumbwa na mnong'ono.

Koko alilamba kidole. "Mama Marthe, nikikatala kula, mimi ndoki. Nikikula, mimi ndoki. Nifanye aje? Unifundishe, wewe ulisoma."

Mtu mmoja alicheka, akakohoa ili ionekane ni kikohozi.

"Kwa mji huu hakuna docta ya banyama?" Koko aliuliza.

Aliyejibu ni Yakubu, mume wa Marthe, mtu wa Kindu anayebeba abiria kwa pikipiki na kujua kila mlango wa mji. "Iko, Koko. Docta Chancelle, kule Makiso. Alitunza imbwa ya patron yangu mpaka ikarudi kuluma watu."

"Twende."

Rosine alisimama. "Usimuguse!"

"Simugusi. Wewe utamubeba. Mimi nitafuata tu."

"Mi siendi. Tulisha sema tungoje."

"Wewe njo ulisema. Mama Naomie, kama ni sumu, docta ataona sumu. Atasema mbele yangu na mbele yako. Mimi sina woga. Wewe unaogopa nini?"

Macho ya uani ni kama maji, yanafuata mteremko. Mchana wote yalikuwa yameteremka kwa Koko. Sasa Rosine aliyahisi yakigeuka taratibu, yakianza kumjia yeye, hata ya Marthe, ambaye bado alikuwa amekumbatia chupa ya mawese.

"Bon," alisema Rosine. "Twende basi. Lakini nitabeba mimi."

*

Shida ilikuwa kukaa.

"Mama Naomie njo katikati juu ya tumbo," alisema Yakubu akikanyaga kiki. "Koko nyuma."

"Hapana. Hakai nyuma yangu."

"Basi Koko katikati, wewe nyuma na karto."

"Karto ikae kati yake na mimi? Na akigeuka?"

"Anageuka aje, mama? Ni pikipiki, siyo kitanda." Yakubu alizima injini. "Ao tumufunge paka juu ya kichwa yangu. Museme."

Mwishowe Koko alikaa katikati, akamshika Yakubu kiunoni kama msichana, na Rosine akakaa nyuma, karto ikibanwa kati ya tumbo lake na mgongo wa mama mkwe. Kwenye kila shimo Rosine aliikumbatia karto zaidi, na kila alipoikumbatia, alimsukuma mwanamke ambaye hakutaka kumgusa. Yakubu alijaribu habari za mvua. Alijaribu habari za bei ya mchele wa Bengamisa. Akaacha.

Docta Chancelle alikuwa na chumba kimoja nyuma ya nyumba ya wazazi wake, meza ya bati, na mbuzi aliyefungwa mlangoni akingoja zamu yake. Mwanamke kijana, misuko imefungwa juu kwa kipande cha bandeji. Alimtoa Kapita, akamlaza mezani. Paka hakupinga, na kwa paka wa rika lake hilo ndilo lililomfanya docta akunje uso.

"Alors, ilianza lini?"

"Jana mangaribi alikuwa anatembea mubaya," alisema Rosine. "Leo asubui akakatala kuinuka."

"Anakunywa maji?"

"Hapana."

"Anakojoa?"

Rosine hakujua. "Alikojoa asubui nyuma ya pipa," alisema Koko. "Kidogo, lakini alikojoa."

Rosine alimgeukia. Kwa nini mtu amchunguze paka akikojoa?

"Alitapika? Mate yanatoka? Anatetemeka?"

"Hapana. Hapana."

Docta aliinua mdomo wa Kapita, akabonyeza ufizi, akatazama rangi ikirudi. Akaingiza kipimajoto kule kunakoingizwa kwa wanyama, Yakubu akageuka kutazama mbuzi. "Iko na homa kali."

"Sumu inaletaka homa," Rosine alisema haraka.

"Ngoja, mama. Anakulaka nini?"

Mbuzi alilia nje.

"Mama? Anakula nini pale nyumbani?"

"Anakula... kipande ya kwanza."

"Ya nini?"

"Ya chakula."

"Chakula ya nani?"

"Ya mama," alisema Rosine, akitazama miguu ya meza. "Mama akipika. Tunamupa kwanza yeye, mbele ya sisi kula."

Docta Chancelle alikuwa mtoto wa mji huu. Hakuuliza zaidi. Aliyeuliza ni Koko.

"Toka lini?"

"Toka ulikuya."

Koko alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei. "Na mimi nilikuwa namuchagulia nyama ya karibu na kichwa," alisema. "Ile laini. Nilisema, ata kama nyumba hii hakuna mutu ananipenda, paka iko ananipenda."

Docta alirudi kwa paka, mikono ikimpita mgongoni, mbavuni, kwenye mapaja. Ilipofika penye shina la mkia Kapita alipiga ukelele mmoja uliomfanya mbuzi avute kamba, na Koko akapayuka neno la kwao, Kilokele, lile ambalo wanawake wa mtoni husema mtoto akianguka. Docta akamjibu kwa Kilokele hichohicho, bila kufikiri, akiendelea kutafuta kwa vidole.

Rosine akasimama wima. "Munajuana?"

"Hapana, mama. Mama yangu ni mutu wa Isangi, njo nasikia Kilokele."

"Ah. Isangi. Mutu wa kwao." Rosine aliivuta karto. "Basi, nimeelewa. Munipe paka yangu, turudi."

"Mama..."

"Mulisha panga. Ata ku pikipiki nilisikia roho inaniambia. Munipe paka yangu!"

Docta hakukasirika, au alikuwa amechoka mno kukasirika. Alifungua sanduku, akatoa glavu, akamtupia Rosine kifuani. "Bon. Usiniamini. Vaa. Nitafungua mimi, utaminya wewe."

Alinyoa manyoya kidogo penye shina la mkia. Chini yake ngozi ilikuwa imevimba, nyekundu, na juu ya uvimbe palikuwa na vitundu viwili vidogo vilivyokwisha kufunga. Alimchoma Kapita sindano ya ganzi, akangoja, akapasua. "Minya."

Rosine aliminya. Usaha ulitoka kwa nguvu, wa rangi ya uji wa soya, na harufu yake ikampanda puani, akageuza uso akapumua kwa mdomo, akaendelea kuminya kwa sababu ulikuwa bado unatoka. Mtu anaweza kupanga maneno na mtu wa kwao. Usaha hauna ukoo.

"Alilumiwa," alisema docta. "Panya, ao paka mwenzake. Kinafunga juu, kinaoza ndani. Sumu iko, mi sikatali, nimeona banyama ya sumu kwa meza hii. Lakini huyu hapana." Alipiga sindano nyingine, akaosha kidonda. "Sasa munisikilize. Paka kijana anachezaka kutwa. Akilala siku nzima na akatala chakula, ile si uvivu, mulete siku ileile. Na mukiona fizi nyeupe, ao anapumua mudomo wazi, ao anashindwa kukojoa, ao hawezi kusimama, hapo usimalize ata kufunga kitambaa ya kichwa. Na musimupe mawese. Inaenda kwa mapafu, inamuua, kisha munasema ni jirani." Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mulikuwa munangoja nini toka asubui?"

Rosine alikuwa anavua glavu. Zilikataa kutoka.

"Alikuwa anangoja afe," alisema Koko.

*

Ua ulikuwa haujatawanyika. Kwa nini utawanyike? Mtu hawezi kuondoka katikati ya habari. Pikipiki ilipoingia, Marthe alikuwa wa kwanza kufika kwenye karto.

"Alors?"

"Iko jipu," alisema Rosine kwa sauti ndogo. "Alilumiwa."

"Jipu tu?"

"Jipu."

Marthe alifikiri. Watu walimwona akifikiri. "Jipu nayo inatumwaka," alisema. "Kule kwa wakubwa wangu kuko mutu walimutumia jipu mpaka akakatwa muguu."

Vichwa viwili vitatu viliitikia. Na Rosine, tusimwonee, alihisi neno lile likimwingia na kutafuta mahali pa kukaa ndani yake, na mahali palikuwepo, pamefagiliwa tayari. Ingekuwa rahisi kuliacha likae. Lakini harufu ya usaha ilikuwa bado puani mwake.

"Mama Marthe, niliminya mi mwenyewe," alisema. "Mama hana kitu."

Lambert alikuja mbio kutoka nyuma ya nyumba, simu sikioni, mkono mwingine umefunika mdomo wa simu. "Mama, yaya anauliza, Jumatatu njo unapanda?"

Koko alikuwa bado amesimama getini. Hakuwa ameingia. "Mwambie yaya yako mama hajachoka na mji," alisema. Kisha akamgeukia Rosine. "Hawakusikia."

"Nini, mama?"

"Vile umesema sasa. Hawakusikia. Saa ya kula ulisema, ata mitaa ya ng'ambo walisikia. Sema kwa nguvu."

Rosine alitazama watu. Alitazama uzio, vile vichwa vya watoto, na yule mama wa mandazi ambaye alikuwa amekuja na sufuria yake ya moto ili asikose kitu. Uso wote ulimwaka. Akavuta pumzi, mkono chini ya tumbo.

"Mama yangu mukwe hakuweka sumu!"

"Ongeza."

"Mama yangu mukwe hakuweka sumu kwa chakula! Ni mimi nilisema!"

Sauti ilipasuka mwishoni. Yakubu, ambaye injini yake ilikuwa ikinguruma bure, aliizima. Koko ndipo akaingia, akapita katikati ya watu bila kumsalimia mtu, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Jioni hiyo hakupika. Rosine aliwapa mikate na mayai, na sahani aliyoiacha mbele ya mlango wa Koko ilikutwa pale asubuhi, imefunikwa vilevile.

*

Docta alisema kidonda kioshwe kwa maji ya moto ya chumvi, asubuhi na jioni, watu wawili: mmoja ashike paka, mwingine aminye na kuosha. Tena kwa mikono iliyosafishwa vizuri kwa sabuni, kwa sababu uchafu ukiingia tena, yataanza upya.

Asubuhi ilikuwa Jumapili. Lambert alikuwa amemchukua Naomie wakaenda misa ya kwanza, mapema kuliko desturi yake. Mwanamume huyo ibada ilimjia ghafla. Rosine alijaribu peke yake. Kapita, homa imepungua na kiburi kimeanza kumrudia, alimkwaruza mkono akapanda juu ya pipa.

Mlango wa Koko ulifunguka. Alitoka na kitenge kikuukuu begani, akaenda kwenye ndoo, akanawa na sabuni mpaka viwikoni, akamchukua paka juu ya pipa, akamfunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga, mkia nje. Akakaa kwenye ngazi, akangoja.

Rosine alileta beseni. Alisimama mbele yake, mvuke ukimpanda usoni. Alitaka kupiga magoti aanze. Hakuweza. Kitu kilimshika palepale.

"Mama," alisema. "Mikono."

Koko alimbana paka kati ya magoti yake, akafungua viganja vyote viwili, akavigeuza juu, akavigeuza chini, akatanua vidole. Ngozi ilikuwa imekunjamana kwa maji, kucha fupi, nyeupe.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Bon. Na yako."

Rosine aliweka beseni chini. Akanyoosha viganja vyake. Koko aliinama juu yake, akavitazama kidole kwa kidole, bila haraka, kama mtu anayenunua samaki wa jana.

"Geuza," alisema.

Rosine akageuza.